Mapigano katika Mchezo wa Majoka, tangu 1974 hata 2024

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mchezo uitwao Dungeons & Dragons si mchezo wa kompyuta, wala si wa ubao kama bao au drafti. Watu wanne au watano huketi kuizunguka meza. Mmoja wao ndiye msimulizi: yeye hueleza pango lilivyo, mlango ulivyo, na ni nani anayengoja nyuma ya mlango. Waliobaki kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, askari au mchawi au kasisi au mwizi, naye husema mtu wake atafanya nini. Pale ambapo haijulikani kama jambo litafaulu, ndipo dadu hutupwa. Hakuna fedha inayowekwa, wala hakuna anayemshinda mwenzake. Kwa hiyo wazazi walioona dadu wakadhani ni kamari na watulie. Huko Marekani, katika miaka ya 1980, baadhi ya wazazi walikuwa na hofu nyingine, kwamba mchezo huu wafundisha uchawi, na toleo la mwaka 1989 likaepuka kuwataja mashetani kwa majina yao. Kwa kweli uchawi wa mchezo huu ni hesabu tupu, kama mtakavyoona.

Kanuni zake zimetungwa upya mara kadhaa, na kila mara lililobadilishwa zaidi ni mapigano. Wenzangu wengine hudhani mabadiliko hayo ni madoido ya kuuzia vitabu. Labda ni kweli kwa sehemu. Lakini kanuni za mapigano ndizo zinazoamua kama mchezaji ataogopa au hataogopa, kama atachomoa upanga au ataanza kwa maneno, na kama yule mwenzetu mkimya aliyechagua kuwa askari atapata la kufanya, au atakaa saa nzima akimtazama mchawi akimaliza kazi. Kwa sisi wenye saa mbili tu Jumamosi usiku kabla ya kengele ya kulala, jambo hili si dogo.

Asili yake ni michezo ya vita iliyochezwa mezani kwa vijisanamu vya risasi. Mwaka 1971 Bwana Gary Gygax wa mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, pamoja na Bwana Jeff Perren, walitoa kanuni za vita vya zama za kati zilizoitwa Chainmail. Katika sehemu ya kupigana mtu kwa mtu dadu mbili zilitupwa, kisha jumla yake ikatazamwa katika jedwali lenye silaha upande mmoja na deraya upande wa pili. Aliyepatwa alikufa. Hapakuwa na jeraha wala kuchechemea. Lakini shujaa alihitaji kupatwa mara nne katika zamu ile ile ndipo afe.

Bwana Dave Arneson wa Minnesota alizitumia kanuni hizo katika nchi yake ya kubuni iitwayo Blackmoor, ambamo kila mchezaji alishika mtu mmoja badala ya jeshi. Papo hapo tatizo likajitokeza. Jemadari akipoteza kijisanamu kimoja hasikitiki. Bali mtu uliyempa jina, ukamtafutia farasi na mahali pa kulala, akifa kwa kutupa dadu mara moja, uchungu wake ni wa kweli. Arneson alieleza baadaye kwamba dawa aliipata katika mchezo wake wa manowari za chuma za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Meli haizami kwa kombora moja. Hupunguziwa nguvu kidogo kidogo mpaka zikwishe. Ndivyo zilivyoingia alama za uhai, ambazo leo ziko katika michezo mingi ya kompyuta, na wachezaji wake wachache tu wajuao kwamba zimetoka katika ubavu wa meli.

Mwezi wa Januari 1974 Gygax na Arneson wakatoa mchezo wenyewe, vijitabu vitatu katika sanduku. Dadu zake zilikuwa za nyuso 4, 6, 8, 12 na 20. Mwalimu wetu wa Hisabati atatambua mara moja kwamba hayo ndiyo maumbo matano pekee yenye nyuso, kingo na pembe zilizo sawa zote.

Mpango wa kupigana ulikuwa hivi. Kila mtu ana daraja la kinga. Asiye na deraya ni daraja la 9. Mwenye deraya ya mabamba ya chuma na ngao ni daraja la 2. Naam, kadiri kinga inavyokuwa bora ndivyo namba inavyopungua, sawa na mtihani wetu wa Kidato cha Nne, ambapo divisheni ya kwanza ndiyo ya kujivunia. Mpigaji hutupa dadu ya nyuso 20, kisha hutazama jedwali. Askari mgeni akimpiga mtu wa daraja la 9 yampasa apate 10 au zaidi. Akimpiga wa daraja la 2, 17 au zaidi. Silaha zote, kisu hata shoka kubwa, zilitoa madhara ya dadu moja ya nyuso 6, na alama za uhai zikifika sifuri mtu amekufa. Tofauti ya kisu na shoka ilikuja mwaka 1975 katika kijitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk.

Baina ya mwaka 1977 na 1979 Gygax alitoa toleo kubwa zaidi, na humo akaingiza kila kitu: kasi ya kila silaha, silaha ipi yafaa dhidi ya deraya ipi, na raundi ya dakika moja iliyogawanywa vipande kumi vya sekunde sita. Daraja la 10 likawa la asiye na kinga, na lililo bora kabisa likawa 10 chini ya sifuri. Hapo mfano wangu wa divisheni wakatika.

Huenda msomaji akauliza: dakika nzima kwa pigo moja? Jibu lililotolewa ni kwamba katika dakika hiyo watu hurushiana mapigo mengi, hukwepa na kuzungukana. Dadu yaonyesha lile tu lililopata nafasi. Mchawi naye alihitaji vipande kadhaa ili amalize maneno yake, na akipigwa kabla hajamaliza, uganga wake umepotea. Akiwa mgeni alikuwa na uganga mmoja tu kwa siku, na alama zake za uhai zilitupwa kwa dadu ya nyuso 4, ile ndogo kuliko zote. Mshale mmoja ulitosha kumwua. Basi askari alikuwa na kazi yake: kusimama mbele ya mchawi. Hakuna ukurasa ulioandika kwamba askari ni ukuta. Hali yenyewe ndiyo iliyomfanya hivyo, na kwa maoni yangu huo ndio uzuri mkubwa wa toleo lile, hata kama majedwali yake yaumiza kichwa.

Toleo la pili la mwaka 1989, lililoongozwa na Bwana David Cook, liliyatupa majedwali mengi na kuweka namba moja tu kwa kila mtu, iliyoitwa thako. Thako ni namba unayohitaji kumpata adui mwenye daraja la sifuri. Askari mgeni ana thako 20. Kizimwi, yaani zimwi dogo la mapangoni ambalo hukutana na karibu kila mchezaji anayeanza, ana daraja la 6. Ishirini utoe sita ni kumi na nne. Basi askari apate 14 au zaidi, yaani bahati 7 katika 20. Hesabu hii si ngumu. Lakini adui akiwa na daraja la 3 chini ya sifuri, kutoa namba hasi kunawafanya watu wazima waanze kuhesabu vidole.

Mwaka 1997 kampuni iitwayo Wizards of the Coast iliununua mchezo, na mwaka 2000 ikatoa toleo la tatu, lililotungwa na Mabwana Jonathan Tweet, Monte Cook na Skip Williams. Wao waliigeuza hesabu iende juu. Asiye na kinga ana 10, na kila kitu kinachomkinga huongezwa. Mpigaji hutupa dadu, huongeza ustadi wake, na akifikia namba ya kinga amepata. Kizimwi akawa na 15. Askari mgeni mwenye nguvu, aliye na nyongeza ya 4, alihitaji 11, yaani nusu kwa nusu. Mtoto wa darasa la tatu aweza kuifanya hesabu hiyo.

Lakini walilorahisisha kwa mkono mmoja walilitatiza kwa mkono wa pili. Raundi ikawa sekunde 6, na uwanja ukagawanywa miraba ya futi tano tano. Ukipita ovyo karibu na adui, yeye hupata pigo la bure. Tena, kanuni moja ilikuwa na matokeo ambayo nadhani watungaji hawakuyatazamia: askari mkubwa alipewa mapigo mawili, matatu hata manne kwa raundi, lakini ili ayapate yote ilimlazimu asisogee zaidi ya mraba mmoja. Kwa hiyo mashujaa wakubwa walisimama kama miti miwili wakikatana matawi. Wakati huo huo mchawi hakuwa tena na shida ya kupigwa katikati ya maneno, kwani alipata njia ya kusoma uganga wake kwa uangalifu hata adui akiwa karibu. Ukuta haukuhitajika sana, na yule mwenzetu mkimya akabaki akingoja.

Toleo la nne, la mwaka 2008, lilitungwa kuiponya hali hiyo. Bwana Rob Heinsoo na wenzake walimpa kila mtu mbinu za aina tatu: za wakati wote, za mara moja katika kila pambano, na za mara moja kwa siku. Askari akapata mbinu nyingi sawa na mchawi. Kazi ile ya ukuta sasa iliandikwa kitabuni: askari humwekea adui alama, na adui huyo akimshambulia mwingine, anaadhibiwa. Haki ikatendeka. Ila adui wake walikuwa na uhai mwingi mno. Kizimwi wa kawaida wa toleo hilo alipewa alama 29, na pambano moja liliweza kula jioni nzima ya watu kusogeza vijisanamu. Mwaka 2010 kitabu cha tatu cha madubwana yake kiliyafanya mapigo ya maadui yawe makali zaidi ili mambo yaende upesi. Wengi walikuwa wamekwisha kurudi kwa kanuni za zamani, au kwa mchezo wa Pathfinder uliotoka mwaka 2009 na kuzifuata. Nawahurumia watungaji wale. Walijibu lalamiko la kweli.

Toleo la tano lilitoka mwaka 2014, chini ya Bwana Mike Mearls na Bwana Jeremy Crawford. Uvumbuzi wake mkubwa waweza kuelezwa kwa pumzi moja: ukiwa na nafuu, tupa dadu mbili za nyuso 20 ushike iliyo kubwa, ukiwa na kikwazo, shika iliyo ndogo. Nyongeza ndogo ndogo ambazo toleo la tatu lilizirundika, karibu zote zikafutwa. Tuitazame hesabu yake. Askari mgeni mwenye nyongeza ya 5 akimpiga kizimwi mwenye kinga 15 yampasa apate 10, yaani bahati 55 katika 100. Akiwa na nafuu, hukosa tu endapo dadu zote mbili zimekosa: 0.45 mara 0.45 ni karibu 0.20. Basi hupata mara 80 katika 100. Mtu aweza sasa kwenda na kupiga, na akiwa na mapigo mawili apige moja, atembee, apige la pili. Miti imeota miguu. Tena ustadi hupanda polepole, toka 2 mpaka 6 tu kwa maisha yote ya shujaa, hivi kwamba kundi la vizimwi laweza kumtisha hata mkubwa.

Sasa nitaje jambo lililonishangaza nilipokaa na kalamu. Watu husema matoleo ya zamani yalikuwa ya hatari na ya sasa ni mteremko. Nilimweka askari mgeni, mwenye kinga bora aliyoweza kuimudu, katikati ya vizimwi sita.

Mwaka 1974: askari ana deraya ya mabamba na ngao, daraja la 2. Kila kizimwi ahitaji 17, yaani bahati 4 katika 20. Sita wao watampata mara 1.2 kwa raundi kwa wastani, na kila pigo ni 3.5 kwa wastani, jumla 4.2. Uhai wa askari ni dadu moja na nyongeza ya 1, wastani 4.5.

Mwaka 2014: askari ana deraya ya minyororo na ngao, kinga 18. Kila kizimwi ana nyongeza ya 4, ahitaji 14, bahati 7 katika 20. Watampata mara 2.1, kila pigo 5.5, jumla karibu 11.6. Uhai wa askari imara ni 12.

Tazameni! Katika miaka arobaini vizimwi sita bado humwangusha askari mgeni kwa muda wa raundi moja hivi. Kilichobadilika ni lile linalofuata baada ya kuanguka. Wa 1974 amekufa, na mchezaji wake achukue karatasi mpya. Wa 2014 amelala chini. Kila zamu yake hutupa dadu. 10 au zaidi ni kufaulu, chini yake ni kushindwa. Mafanikio matatu hutulia, makosa matatu hufa. Asipoguswa na mtu, hesabu yangu yampa karibu 59 katika 100 za kupona, na rafiki mwenye uganga wa tiba aweza kumwinua mara moja. Akilala usiku mmoja anaamka na uhai wake wote. Katika toleo la Gygax jeraha la alama ishirini lilitaka siku ishirini kitandani, alama moja kwa siku.

La pili ni juu ya thawabu, na hili naliona kuwa kubwa kuliko mambo yote ya dadu. Katika vitabu vya zamani sarafu moja ya dhahabu iliyoletwa nyumbani ilikuwa alama moja ya maendeleo. Chukua sanduku la kanuni za wanaoanza la mwaka 1981. Kizimwi aliyeshindwa alileta alama 5, na askari alihitaji 2,000 ili apande ngazi ya pili. Askari wanne wakigawana sawa, ingewabidi wawashinde vizimwi 1,600! Hakuna mwenye akili atakayefanya hivyo. Aliyetaka kupanda alitafuta dhahabu: alipita usiku, alihonga, alidanganya, alipiga pale tu alipokosa njia nyingine. Katika marekebisho ya toleo la tatu ya mwaka 2003 dhahabu haikuleta kitu. Kizimwi alileta alama 100, na ngazi ya pili ilitaka 1,000. Wanne hao walihitaji vizimwi 40. Mwaka 2014: alama 50 kwa kizimwi, 300 kwa ngazi, basi vizimwi 24. Ni kweli msimulizi mwema aweza kuwapa thawabu wale waliomshinda adui bila kumwua. Lakini jedwali limeandikwa chini ya jina la adui, na wachezaji husoma jedwali.

Pamoja na thawabu kulikuwa na dadu ya moyo, ambayo toleo la tatu liliiacha. Katika sanduku lile la 1981 kila adui ana namba ya ushujaa toka 2 hadi 12, na ya kizimwi ni 7. Wa kwanza wao akifa, na tena nusu yao wakiisha kuanguka, msimulizi hutupa dadu mbili za kawaida. Jumla ikizidi namba ile, wanakimbia au wanasalimu amri. Kuipita 7 ni bahati 15 katika 36. Maana yake, mkimwua mmoja tu katika sita, yawezekana karibu mara 4 katika 10 kwamba vita vimekwisha na watano wamekimbia. Mapigano ya namna hiyo huisha kwa dakika kumi. Bila dadu hiyo vizimwi hupigana mpaka wa mwisho kama watu wasio na mama.

Mwaka 2024 toleo la tano lilirekebishwa. Askari alipewa ustadi wa silaha: mwenye fimbo ndefu aweza kumwangusha adui chini, mwenye nyundo ya vita aweza kumsukuma nyuma futi kumi, na mwenye shoka kubwa aweza kumpata adui wa pili aliye karibu. Kunywa dawa ya kuponya sasa hakumpotezei mtu nafasi ya kupiga. Adui akishtukizwa hapotezi tena zamu yake ya kwanza, ila hutupa dadu ya kutafuta zamu akiwa na kikwazo. Kwa askari mkimya ni habari njema, na sioni kwamba imemwongezea mtu kazi ya kuhesabu.

Kanuni za msingi za toleo la tano zimetolewa bure kwa mtu yeyote kuzitumia tangu Januari 2023, hivyo asiye na fedha ya kitabu aweza kuanza nazo. Anayetaka vita vifupi na aingize dadu ya moyo ya mwaka 1981. Haigombani na kanuni nyingine yoyote. Na anayetaka wachezaji wake waanze kwa maneno awape alama kwa dhahabu iletwayo nyumbani. Hapo itambidi apunguze wingi wa dhahabu mapangoni: kwa kuwa ngazi ya pili ni 300 badala ya 2,000, sanduku lililokuwa na sarafu 2,000 liwe na 300, na mengine yote kwa uwiano huo.